Kamusi na Gereji

Mwaka 1964 kazi iliyoanzwa na Kamati ya Lugha mwaka 1930 ilikabidhiwa kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Matunda yake mwayafahamu: Kamusi ya Kiswahili Sanifu, 1981, na, mwaka 1990, kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Ile ya kwanza ilienea. Hii ya pili ilikosa darasa, kwani masomo hayo katika sekondari yalifundishwa, na yangali yakifundishwa, kwa Kiingereza. Lakini teremkeni Mlimani hadi gereji za Ubungo. Mafundi hawakutungoja: rejeta, klachi na plagi ni istilahi zao, na kwazo huwafunza vijana kazi. Sisi watafiti, nami nimo, tuliwaendea kwa kuchelewa, tena tukiwa na orodha zetu mkononi.