Ulisoma Vitabu Vingapi?

Desemba iliyopita mabeshte walianza kuposti idadi ya vitabu walivyosoma mwaka mzima. Mmoja 52, mwingine 70. Mimi nilikuwa nimemaliza vinne. Nikaandika 30. Uongo mtupu, na watu wakanipongeza.

Aibu ile ilinirudisha kwa guka, aliyeishi Bahati maisha yake yote ya Nairobi. Kila asubuhi alipita mbele ya maktaba ya McMillan akienda kazini tauni. Ilifunguliwa 1931, na hadi 1958 ilikuwa ya Wazungu pekee. Guka aliwajua vizuri wale simba wawili wa mawe mlangoni. Vitabu vya ndani hakuvijua hata kimoja. Ukimweka kwenye hesabu zetu za Desemba, guka ni sufuri.

Lakini huyo huyo guka alikuwa akinisimulia *Caitaani Mũtharabainĩ* mwanzo hadi mwisho, na hakuwahi kuwa na nakala. Ngũgĩ wa Thiong'o aliiandika 1978 akiwa gereza la Kamiti, kwenye karatasi za choo. Ilipotoka 1980, watu hawakujifungia nayo chumbani. Ngũgĩ mwenyewe alieleza baadaye jinsi ilivyosomwa kwa sauti: nyumbani jioni, kazini saa ya lanchi, kwenye matatu, hadi kwenye baa. Huko baa msomaji alisoma mpaka glasi yake ikaisha, akanyamaza pale patamu, na wasikilizaji wakamnunulia nyingine ndio aendelee.

Guka aliisikia hivyo, mezani, kazi ikiisha. Sasa niambie, kwenye meza ile nani alisoma? Mwenye kushika kitabu peke yake, au wote waliobaki wakibishana hadi baa ikafungwa? Sisi tunahesabu kama kwamba kila kitabu kina macho mawili tu. Mitaa yetu ya Eastlands haikulelewa hivyo. Kitabu kilikuwa kama gazeti la ploti, kinapita mikono hadi jalada linang'oka.

Nilifuta ile 30. Sikuandika nne pia.

Jioni hiyo nilichukua kitabu cha tano nikamsomea mathe akichambua sukuma. Nilipofika pazuri nikanyamaza.

"Endelea basi," akasema.

Nikamwonyesha kikombe. Chai ilikuwa imeisha.