Maji Kabla ya Mafuta: Utunzaji wa Gobore

Katika habari za biashara ya pembe za ndovu ya karne ya 19, bunduki zilizopanda kutoka pwani hadi Unyamwezi hutajwa mara nyingi. Namna zilivyodumu haitajwi sana. Sisi twaona jambo hili la pili lina uzito zaidi, hasa baada ya mwaka 1890. Mwaka huo Mkataba wa Brussels ulizuia silaha za kisasa zisiingizwe sehemu kubwa ya Afrika; gumegume na baruti ya kawaida ziliweza kuuzwa, nazo kwa ruhusa ya serikali. Hivyo mwindaji ilimpasa kulitunza gobore lake.

Adui wa gobore ni baruti yenyewe. Baruti nyeusi ni shura, kiberiti na mkaa. Ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa, bali huwa moshi mzito na masizi yenye chumvi. Chumvi hiyo hunyonya unyevu, na mtutu hushika kutu. Mafuta huifunika tu. Kinachoiyeyusha ni maji, tena ya moto, kwa kuwa chuma kilichopata joto hukauka upesi. Ndipo hupakwa mafuta.

Lakini kwanza mdeki. Ukiingizwa mtutuni hadi mwisho, kisha ukapimwa kwa nje, huonyesha kama risasi imo, maana kwa sura gobore lililoshindiliwa halitofautiani na tupu. Hatimaye huzibuliwa kile kitundu cha kupitishia moto. Kikizibwa na masizi, cheche haiifikii baruti, na mwindaji husimama mbele ya ndovu na gobore lisilolia.