Mgonjwa Aliyekataliwa Kujipima

Kila ninaposikia mtaalamu wa afya akidai kwamba mgonjwa hafai kuachiwa kifaa cha tiba nyumbani, humkumbuka Richard Bernstein, mhandisi wa Marekani aliyeugua kisukari tangu akiwa na umri wa miaka 12.

Mwaka 1969 aliona tangazo la mashine ya kupima sukari katika damu. Mashine hiyo iliuzwa kwa hospitali na madaktari tu. Kwa kuwa mkewe alikuwa daktari, iliagizwa kwa jina la mkewe. Bernstein akajipima mara kadhaa kwa siku, akarekebisha insulini na mlo wake, na afya yake ikaimarika. Alipoandika makala kueleza matokeo hayo, majarida ya kitabibu yaliikataa. Mwaka 1979, akiwa na miaka 45, alijiunga na chuo cha udaktari ili asikilizwe.

Hofu ya madaktari haikukosa msingi: anayesoma kipimo vibaya aweza kujidunga insulini kupita kiasi. Lakini tiba ya hofu hiyo ni kumfundisha mgonjwa, si kumnyima kifaa. Mwaka 1993, utafiti wa wagonjwa 1,441 wa Marekani na Kanada ulionesha kwamba kudhibiti sukari kwa makini, pamoja na kujipima kila siku, hupunguza madhara ya macho, figo na neva.

Leo kifaa hicho kinauzwa katika maduka yetu ya dawa. Kizuizi sasa ni bei: kila kipimo hutumia kijikaratasi kipya. Tukikubali kwamba mgonjwa ana haki ya kujua hali yake, yatupasa pia kuamua nani atagharimia haki hiyo.