Antigone Jukwaani: Maiti Isiyozikwa na Mtawala Asiyesikia

Kila kizazi kinachoipandisha tamthiliya ya kale jukwaani hukutana na swali lile lile linalomkabili mhubiri mbele ya Maandiko: maneno haya yaliwaambia nini wale walioyasikia kwanza, nayo yanatuambia nini sisi? Maswali haya mawili hayatengani, lakini si swali moja. Anayelipuuza la kwanza mwishowe husikia sauti yake mwenyewe tu. Anayekomea hapo huwapa watu mifupa mikavu. Katika makala hii tunakusudia kulichunguza jambo hilo kwa kufuata historia ya tanzia moja, yaani Antigone ya Sophocles, tangu Athene ya kale hadi kisiwa cha Robben. Hoja yetu ni hii: tanzia hii hupotea kila mara Creon anapofanywa kuwa mwovu mtupu, kwa maana hapo mtazamaji huondoka akiamini kwamba onyo lilikuwa la mtu mwingine.

Kisa chenyewe

Ndugu wawili, Eteocles na Polyneices, wana wa Oedipus, wameuana penye malango ya Thebes, mmoja akiulinda mji na wa pili akiushambulia pamoja na jeshi la kigeni. Creon, ndugu wa mama yao, anatwaa utawala na kutoa amri: Eteocles azikwe kwa heshima, Polyneices aachwe nje awe chakula cha mbwa na ndege, na atakayemzika atauawa. Dada yao Antigone anautia mwili udongo, anakamatwa, wala hakani. Anamjibu mtawala kwamba amri ya mwanadamu haiwezi kuzitangua sheria za mbinguni zisizoandikwa. Creon anamhukumu afungiwe pangoni angali hai. Haemon, mwana wa Creon na mchumba wa Antigone, anamsihi baba yake asikilize minong'ono ya wananchi, lakini anakemewa kwa maneno makali. Kisha Tiresias, mwaguzi kipofu, anaonya kwamba madhabahu za mji zimenajisika kwa nyama ya maiti. Hatimaye Creon anageuka. Wazee wanamshauri amtoe kwanza binti pangoni, ndipo amzike marehemu. Yeye anaanza na maziko. Anapofika pangoni, Antigone amekwisha kujinyonga; Haemon anajiua mbele ya baba yake; na Eurydice, mke wa Creon, naye anajiua baada ya kupata habari.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa uzito wa neno moja hapa: Creon ni mjomba. Katika jamii zetu nyingi mjomba ndiye kimbilio la mpwa aliyefiwa. Katika kisa hiki mjomba ndiye anayezuia maziko.

Hadhira ya kwanza

Hukadiriwa kwamba tamthiliya hii ilichezwa Athene yapata mwaka 441 K.K., katika sikukuu ya mungu Dionysus, kwenye mteremko wa kusini wa kilima cha Akropoli. Lilikuwa tukio la ibada na la dola kwa pamoja. Washairi watatu walishindana, kila mmoja akileta tanzia tatu na mchezo mmoja wa mzaha. Waigizaji wote walikuwa wanaume waliovaa vinyago, na watatu tu waligawana nafasi zote za wasemaji. Pamoja nao lilikuwako kundi la waimbaji 15, ambao katika mchezo huu ni wazee wa Thebes. Hivyo hata Antigone alikuwa mwanamume nyuma ya kinyago. Tutalirudia jambo hili.

Je, watu hao walimwonaje Creon? Wengi wetu tungetazamia kwamba walimchukia tangu neno lake la kwanza. La hasha. Sheria ya Athene yenyewe ilikataza msaliti asizikwe katika ardhi ya Attica. Basi Creon alipotangaza kwamba adui wa mji hastahili heshima sawa na mlinzi wake, watazamaji walisikia jambo walilolifahamu. Kosa lake halikuwa kumnyima msaliti kaburi la nyumbani. Kosa lilikuwa kuukataza mwili kaburi popote pale, na kuwaziba midomo waliotaka kumwonya.

Tunao ushahidi mwingine. Mwaka 343 K.K., karibu miaka 100 baada ya onyesho la kwanza, msemaji maarufu Demosthenes alimshtaki Aeschines mahakamani kwa kuisaliti Athene. Aeschines alipata kuwa mwigizaji, na Demosthenes alidai kwamba mtu huyo alizoea kucheza nafasi ya Creon. Kisha akaamuru hotuba ya kwanza ya Creon isomwe mbele ya waamuzi, si kama mfano wa udhalimu, bali kama fundisho jema kwa kiongozi anayeiweka nchi yake mbele ya rafiki zake. Kwa Mgiriki yule, maneno ya Creon yalikuwa ya kuigwa. Msiba ni kwamba mtu mwenye maneno mazuri kama hayo alikuja kuuangamiza mji na nyumba yake.

Wittenberg, Berlin na Potsdam

Tamthiliya saba tu za Sophocles zimetufikia kamili, ingawa aliandika zaidi ya 100. Zilipigwa chapa kwa mara ya kwanza katika Kigiriki huko Venice mwaka 1502. Philipp Melanchthon, aliyeanza kufundisha Kigiriki Wittenberg mwaka 1518, alizithamini sana tanzia hizo, na mwanafunzi wake Veit Winsheim alitoa fasiri ya Kilatini ya zote saba mwaka 1546. Watu wa Matengenezo hawakuona aibu kuwasomesha vijana wa Kanisa maandishi ya wapagani. Waliona kwamba misiba ya wafalme wa kale iliwafundisha watu haki na kiasi, na kwamba majivuno ya watawala hayakosi malipo.

Fasiri hiyo ilikuwa na faida, lakini ilikuwa na upungufu wake: iligeuza tanzia kuwa mfano wa maadili, wenye jibu kabla ya swali. Karne tatu baadaye mwanafalsafa Hegel, aliyefundisha Berlin, alishika njia nyingine. Alieleza kwamba Antigone si pambano la haki na uovu. Ni pambano la haki mbili, ya jamaa na ya dola, ambapo kila upande unakosa kwa kuukana mwenzake. Wataalamu wengi wamempinga wakisema kwamba Sophocles hazipimi pande hizo kwa mizani sawa, na sisi tunakubaliana nao: Tiresias anasema waziwazi ni nani aliyeunajisi mji. Hata hivyo Hegel aliturudishia jambo lililopotea, yaani wajibu wa kumsikiliza Creon kabla ya kumhukumu.

Mwaka 1841 Antigone ilichezwa Potsdam mbele ya Mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne wa Prussia, kwa fasiri ya Kijerumani na muziki wa Mendelssohn. Walijitahidi kuwaonyesha watazamaji Ugiriki jinsi walivyodhani ilivyokuwa. Lakini karne iliyofuata haikuruhusu tena tanzia hii itazamwe kama pambo la kale.

Miaka ya vita

Mwezi Februari 1944, Paris ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani, Jean Anouilh alipandisha jukwaani Antigone yake mwenyewe. Waigizaji walivaa mavazi ya siku zile. Creon wake ni mtawala aliyechoka, anayeona kwamba lazima mtu fulani aikubali kazi chafu ya kuendesha nchi. Wakaguzi wa Kijerumani waliuruhusu mchezo huo. Baadhi ya Wafaransa walisikia kwa Antigone sauti ya upinzani. Wengine walilaumu kwamba Creon ametetewa mno, kana kwamba ni udhuru kwa walioshirikiana na mvamizi.

Bertolt Brecht alikwenda upande mwingine. Mwezi Februari 1948, huko Chur nchini Uswisi, alionyesha Antigone iliyotungwa juu ya fasiri ya zamani ya Hölderlin. Ilitanguliwa na onyesho fupi la Berlin ya Aprili 1945, ambapo dada wawili wanamkuta kaka yao ametundikwa mlangoni kwa kutoroka jeshini. Creon wa Brecht ni dikteta anayepigana vita kwa ajili ya madini ya Argos. Watazamaji waliotoka katika maangamizi ya Hitler hawakuhitaji maelezo. Lakini tunajiuliza: mtu akionyeshwa dikteta kamili, je, atajitambua humo? Paris ilikuwa na Creon aliyeeleweka kupita kiasi. Chur ilikuwa na Creon asiyeeleweka kabisa. Kazi ngumu ipo katikati ya hao wawili.

Kisiwani

Afrika imeijibu tanzia hii kwa namna yake. Ghana ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilipata Odale's Choice ya Kamau Brathwaite. Femi Osofisan wa Nigeria alionyesha Tegonni mwaka 1994. Nasi tunaosoma Kiswahili tumekuwa na Sophocles katika lugha yetu tangu Samuel Mushi alipotoa Mfalme Edipode mwaka 1971. Lakini mahali ambapo Antigone ilipata hadhira iliyoihitaji kweli ni gereza la kisiwa cha Robben.

Nelson Mandela ameeleza katika kumbukumbu za maisha yake, zilizotolewa mwaka 1994, kwamba wafungwa walikuwa na kikundi cha maigizo kilichoonyesha mchezo wakati wa Krismasi. Hawakuwa na jukwaa, mapambo wala maleba. Walikuwa na maneno tu. Walipocheza Antigone, Mandela alipewa nafasi ya Creon. Mfungwa aliyehukumiwa kifungo cha maisha alisimama mbele ya wafungwa wenzake akasema maneno ya mtawala. Yeye mwenyewe ameandika kwamba alimwona Antigone kuwa mfano wa mapambano yao, na kwamba katika ukaidi wa Creon alijifunza kuwa kiongozi hana budi kuichanganya haki na huruma.

Mwaka 1973, Athol Fugard pamoja na John Kani na Winston Ntshona walionyesha Cape Town mchezo ambao baadaye uliitwa The Island. Wafungwa wawili wa seli moja wanajiandaa kucheza onyesho la hukumu ya Antigone mbele ya wenzao na askari wa gereza. Mmoja wao, aliyefungwa maisha, anakataa kuvaa nywele za bandia na matiti ya kike, anaogopa kuchekwa. Mwishoni anakubali, anasema maneno ya Antigone, kisha anazivua nywele zile na kusema kwa jina lake. Hapa ndipo kinyago cha Athene kinaporudi. Mwanamume wa kale alijificha nyuma ya kinyago ili mwanamke asikike. Mfungwa huyu anavaa sura ya mwanamke ili hatimaye aonekane yeye.

Baada ya mwaka 1994 swali la Antigone liliendelea huko huko, nje ya jukwaa. Mbele ya Tume ya Ukweli na Upatanisho, iliyoanza kusikiliza mashauri mwaka 1996, kulikuwa na jamaa walioomba jambo moja tu: waonyeshwe mifupa ya mtoto wao. Mwaka 2005 kiliundwa kikosi maalumu cha kuwatafuta waliopotea, nacho kimefukua mabaki ya watu na kuyarudisha kwa jamaa zao wakayazike. Wale waliokuwa Antigone walikuwa wamekalia sasa kiti cha Creon, na Antigone wengine walisimama mlangoni wakiomba udongo kwa ajili ya wafu wao.

Mambo ya kuchunga

Kutokana na historia hii tunaona mambo matatu yanayompasa mwalimu au kikundi kinachotaka kuicheza tanzia hii leo. Kwanza, Creon apewe mwigizaji hodari, na hotuba yake ya kwanza isemwe kwa namna ambayo watazamaji wataikubali. Wasipoikubali mwanzoni, hawatahuzunika mwishoni. Pili, wazee wa Thebes wasifupishwe kwa kisingizio kwamba nyimbo zao ni ndefu. Wao ndio sisi: wanajua, wananyamaza, wanasema wakati umekwisha kupita. Tatu, maiti isisahauliwe. Haionekani jukwaani, lakini kila neno husemwa kwa sababu yake. Onyesho linalogeuka kuwa mjadala wa haki za raia na mamlaka, bila harufu ya mwili ule ulio juani, limekwisha kuacha kiini chake.

Hitimisho

Wasomaji wa jarida hili wanamfahamu mwanamke mwingine aliyelinda maiti. Katika 2 Samweli 21, Rispa binti Aya anatandika gunia mwambani karibu na miili ya wanawe iliyotundikwa, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha. Rispa hasemi hata neno moja. Tena Daudi ndiye aliyewatoa wana hao wauawe. Lakini habari zilipomfikia alisikia, akaikusanya mifupa, akaizika.

Daudi naye alichelewa, kwa kuwa wafu hawakurudi. Tofauti yake na Creon ni kwamba hakungoja mpaka mwaguzi amtishe na nyumba yake ianguke. Mwanamke aliyenyamaza juu ya mwamba alimtosha. Tunapoizima taa mwisho wa Antigone, swali tulilo nalo mkononi si kama tungekuwa na ujasiri wa yule binti. Wengi wetu tungependa kudhani hivyo. Swali ni kama sisi tuliopewa usharika, shule, ofisi au nyumba ya kuongoza tunaweza kusikia kabla ya pango kufungwa, na tukisikia, tuanze na aliye hai.