Mfadhili, Mdhamini, Mwekezaji: Historia Fupi ya Mshiko Kwenye Kabumbu Letu

Hapa chuoni Bagamoyo wiki hii hata test hazizungumzwi. Habari ya mjini ni bonanza la vyuo, na kuanzia kantini mpaka kwenye foleni ya maji hosteli neno limekuwa moja tu: MAMLUKI. Timu moja (jina naliweka kapuni) ilishusha winga ambaye hakuna mwanachuo wao aliyewahi kumwona darasani. Jamaa katupia mbili, kavua jezi, kapanda Hiace, huyoo Dar. Inasemekana aliyemlipa ni mzee fulani mwenye mapenzi mema na chuo chao.

Sasa na sisi tumepata mzee wetu. Alhamisi kamati ya michezo inakaa kujadili: tupokee mkwanja wake tulipe wachezaji, au tuendelee na hawa hawa wanaofanya tizi saa kumi na mbili asubuhi kwa chai ya rangi? Washikaji wengi wanataka tupokee. Kabla hamjanyoosha mikono, naomba niwape somo la Historia kidogo. Si ndicho ninachosomea ualimu jamani?

Tuanze na neno lenyewe. Mamluki limetoka kwenye Kiarabu, maana yake ni mtu anayemilikiwa. Mamluki wa Misri walikuwa askari walionunuliwa wapigane vita vya wengine, na mwisho wa siku wao ndio wakawa watawala wa nchi, kuanzia mwaka 1250 hadi 1517. Kwa hiyo swali la nani amenunuliwa na nani anatawala limo ndani ya neno tangu enzi hizo.

Kwenye mpira wetu pesa ya tajiri si kitu kigeni hata kidogo. Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda, na Tanganyika ikajiunga 1945, lilibeba jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza. Ndilo babu wa Kombe la Chalenji la leo. Yaani tangu babu zetu wanacheza peku, kuna mtu alikuwa anauza sabuni pembeni!

Baada ya uhuru ikaja zama ya ridhaa. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ilipitishwa 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, na mpira ukahesabiwa kuwa burudani na afya ya wananchi. Mchezaji hakulipwa kucheza. Lakini msidanganyike, mshahara ulikuwepo, ila ulipitia mlango wa nyuma: ukijua mpira unapewa ajira kwenye shirika la umma. Reli, Bandari, Pamba, Ushirika, jeshi, polisi, wote walikuwa na timu. Kwenye karatasi wewe ni karani wa stoo, uwanjani ni namba tisa.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo vijiwe vingi vinalisahau. Zama ile ubingwa ulizunguka nchi. Mseto ya Morogoro ilibeba 1975. Tukuyu Stars kutoka Mbeya wakabeba 1986. Na huku kwetu kaskazini mwa pwani, Coastal Union ya Tanga ikatwaa ubingwa mwaka 1988, Mkwakwani ikarindima. Simba na Yanga walikuwa wakubwa, ndiyo, lakini mikoani kulikuwa na ajira za kuwabakiza vijana nyumbani.

Miaka ya 1990 mashirika yakabinafsishwa, mengine yakafa kabisa, na timu zake zikaenda nayo kaburini. Pamba ya Mwanza ikapotea ligi kuu kwa miaka mingi, mpaka 2024 iliporudi ikiwa chini ya halmashauri ya jiji. Waliobaki na mshahara wa uhakika walikuwa wachache. Angalia Mtibwa Sugar: kiwanda cha sukari Turiani kilikuwa kinafanya kazi, wachezaji wanakula, na timu ikachukua ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Tangu hapo hadi 2025, timu moja tu nje ya Simba na Yanga imebeba ligi kuu ya Bara. MOJA! Ni Azam, mwaka 2014, tena bila kufungwa hata mechi moja.

Sasa nataka muangalie Kiswahili chetu kilivyotunza historia hii. Kuna maneno matatu.

La kwanza ni mfadhili. Huyu anatoa kwa mapenzi yake, na anaacha kwa mapenzi yake. Mwaka 1993 Simba wakiwa na Azim Dewji kama mfadhili walifika fainali ya Kombe la CAF, wakatoka suluhu ugenini na Stella Abidjan, halafu wakalala 2-0 hapa hapa Dar. Wazee wakisimulia siku ile hadi leo sauti zinakwama. Yanga nao wakaja kumpata Yusuf Manji. Chini yake wakabeba ligi 2015, 2016 na 2017. Alipojiuzulu 2017, kilichofuata mnakijua: wachezaji wanadai mishahara, klabu inatembeza bakuli kwa wanachama. Klabu iliyoanzishwa 1935, ina mashabiki nchi nzima, ilikuwa imesimama kwenye mfuko wa mtu mmoja. Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

La pili ni mdhamini. Huyu ana mkataba, anataka nembo yake ionekane. Ni kampuni za simu, bia, benki, kubashiri na televisheni. Mwaka 2021 Azam Media na TFF walisaini haki za matangazo kwa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Hii angalau kila timu inajua kuna fungu lake. Lakini hata mdhamini ana mitego. Mwishoni mwa 2021 GSM, ambao tayari walikuwa upande wa Yanga, waliingia kudhamini ligi nzima. Simba wakagoma kuvaa nembo yao, na mapema 2022 GSM wakajitoa kwenye mkataba huo. Ukiwa mwenye timu, huwezi pia kuwa mwenye uwanja bila watu kunung'unika.

La tatu ndilo la kisasa: mwekezaji. Desemba 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya Simba kwa ahadi ya shilingi bilioni 20, na utaratibu wa serikali ukaweka wanachama wabaki na asilimia 51. Simba, ambao hawakuonja ubingwa tangu 2012, wakabeba 2018, 2019, 2020 na 2021. Kisha Yanga ya GSM ikajibu: 2022, 2023, 2024 na 2025. Nne kwa nne! Chora jedwali la mabingwa, pembeni andika jina la tajiri wa kila mwaka, utaona kombe linafuata pochi kama paka anavyofuata samaki pale feri.

Lakini tuwe wakweli, pochi hizo zimetupa raha. Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, wakatolewa na USM Alger kwa mabao ya ugenini tu. Simba wakafika fainali hiyo hiyo 2025 dhidi ya Berkane. Kule Lubumbashi, Moïse Katumbi aliijenga TP Mazembe kwa pesa zake, ikabeba Afrika 2009 na 2010, ikacheza fainali ya klabu za dunia na Inter. Tena 2015 ilibeba ikiwa na vijana wetu Samatta na Ulimwengu. Samatta wa Mbagala asingefika Genk bila ngazi ile. Anayesema pesa ya tajiri ni haramu tupu, amwambie Samatta.

Tatizo ni wale ambao hawana tajiri. Msimu wa 2013/14 Mbeya City, timu ya halmashauri, ilipanda na kumaliza nafasi ya tatu. Tulidhani tumepata Tukuyu Stars mpya. Haikuchukua muda wachezaji wakaanza kuchukuliwa. Deus Kaseke kwa mfano alitua Yanga 2015. Hapa mkoani Pwani tulikuwa na Ruvu Shooting pale Mabatini, Mlandizi, timu ya askari yenye ajira ya uhakika, nayo ikashuka daraja 2023. Hata Mtibwa ilishuka 2024, ikapanda tena mwaka uliofuata. Mshahara wa kawaida uliokuwa unatosha kubeba ubingwa mwaka 2000, leo hautoshi hata kubaki ligi kuu. Ila tusikate tamaa: Coastal Union walimaliza wa nne 2024 wakapata tiketi ya Afrika.

Sasa kwa wale mnaosema "mbona Marekani vyuo vinalipa wachezaji?" Ni kweli, lakini someni mpaka mwisho. Chuo cha Southern Methodist cha Dallas kilifungiwa msimu mzima wa 1987 wa mpira wao wa Kimarekani kwa sababu matajiri wake walikuwa wanawalipa wanafunzi kwa siri. Mwaka 2021 wanafunzi wakaruhusiwa kupokea pesa kwa kutumia majina na sura zao, na kuanzia Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, mwanzo ukomo ukiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka. Na chuo kile kile cha Dallas? 2024 kiliingia ligi kubwa kwa kukubali kukosa mgao wa televisheni kwa miaka tisa, matajiri wake wakifidia. Kosa la 1987 leo ni mpango wa biashara. Lakini tofauti moja muione: wale wanaolipwa ni WANAFUNZI, wana namba za usajili, na chuo kilikuwa kinauza tiketi na matangazo kwa jasho lao. Sisi tunataka kumlipa mtu wa Hiace ili mwanafunzi akae benchi.

Na hili ndilo linaloniuma kama mwalimu mtarajiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilisimamisha UMISSETA na UMITASHUMTA, na pengo lake tulilisikia kwa muda mrefu. Kisima cha vipaji kilizibwa, tukabaki tunasubiri tajiri alete wachezaji kwa ndege. Michezo ya shule ilirudi, lakini timu ya shule au chuo ikianza kukodi watu, tunakiziba kisima kile kile kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa hiyo Alhamisi mimi nitasema hivi. Pesa ya mzee tuipokee, tena tumshukuru sana. Ila iingie kwenye akaunti ya kamati, isomwe ubaoni, inunue viatu, nauli na chakula cha mazoezi, na kama kuna posho iende kwa mwenye kitambulisho cha chuo. Tuwe na mdhamini mwenye masharti yaliyoandikwa. Mfadhili mwenye simu ya kumpigia kocha nani acheze, hapana. Akikataa masharti hayo, basi tujue alikuwa anataka timu yake, na chuo chetu kilikuwa jezi tu.

Tukifungwa tutafungwa. Lakini atakayekosa penalti tutamkuta Jumatatu kwenye semina, tumtanie mpaka achoke.

Haya, bumu halijatoka, niwahi ugali kabla haujaisha. Tuonane wiki ijayo.