Jeshi la Sayyid Barghash na Mwalimu wa Kigeni

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake.

Mafaqihi wamekhitalifiana juu ya kutaka msaada wa asiyekuwa Muislamu katika vita. Wenye kukataza hushika Hadithi ya Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alimrudisha mshirikina aliyetaka kufuatana naye Badr mpaka aliposilimu. Wenye kujuzisha, wakiwamo Mashafi'i, hutaja deraya za Safwan bin Umayya, alizoziazima Mtume (s.a.w.) kwa ajili ya Hunayn kwa dhamana ya kuzirudisha, hali Safwan hajasilimu. Lakini wameweka masharti: iwepo haja, na msaidizi awe mwenye kuaminika kwa Waislamu.

Tulitazame sharti la pili katika historia ya Unguja. Mwaka 1877 Sayyid Barghash bin Said alimchukua Lloyd Mathews, luteni wa jeshi la majini la Uingereza, amfundishie jeshi la mtindo wa Kizungu. Haja ilikuwapo: mkataba wa 1873 wa kufunga biashara ya watumwa ulitaka nguvu ya kuutekeleza. Mathews aliandikisha Waafrika, Uingereza ikatoa bunduki, na mwaka 1881 akaacha utumishi wa kwao akawa jemadari wa Sultani.

Mwaka 1890 Unguja iliingia katika himaya ya Uingereza. Mwaka 1891 Mathews akawa Waziri wa Kwanza, naye Sultani hakuwa na uwezo wa kumwondoa. Alipofariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash aliingia katika kasri. Tarehe 27 manowari za Kiingereza zililipiga kasri hilo kwa muda usiotimia saa moja. Askari wa jeshi lililoasisiwa na baba yake, wakiongozwa na Mwingereza Arthur Raikes, walisimama upande wa Waingereza.

Hatumwiti Mathews mhaini; mwaka 1885 alitumwa Kilimanjaro kutetea haki za Sultani mbele ya Wajerumani. Ila uaminifu wa mtu mmoja haukuwa dhamana ya dola yake. Deraya za Safwan zilivaliwa na Waislamu chini ya amri ya Mtume wao (s.a.w.), Unguja, amri yenyewe ndiyo iliyoazimwa, na haikurudi.

Basi imamu akiulizwa leo kuhusu wakufunzi wa kigeni katika nchi ya Waislamu, aulize kwanza: nani anatoa amri, nani analipa mishahara, na mkataba unakwisha lini?

Wallahu a'lam.