Lugha ipi ya kutengeneza tovuti imfaayo kijana?

MATONDONI, kijiji kilicho magharibi mwa kisiwa cha Lamu, kimesifika tangu zamani kwa mafundi wa majahazi. Huko hakuna asiyejua kwamba mkuku hulazwa kabla ya mataruma.

Kanuni hiyo yamfaa pia kijana aliyekwisha kujua HTML na CSS, na sasa anajiuliza ajifunze nini. Lugha ya programu ndiyo mkuku. Kiunzi nacho ni mkusanyiko wa misimbo iliyoandikwa tayari, ili mtengenezaji asirudie kila mara kazi kama vile kusajili watumiaji. Anayekimbilia kiunzi kwa kufuata uvumi huenda akapoteza muda na fedha za intaneti bure.

Mfano uko papa hapa Kenya. Ushahidi, mfumo ulioanzishwa Januari 2008 kukusanya habari za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, baadaye uliundwa kwa PHP juu ya kiunzi cha Kohana. Kohana ilipoachwa na watunzaji wake, Ushahidi ulihamia Lumen na Laravel. Kiunzi kilibadilika, lugha ikabaki ile ile.

Lugha zinazofaa kupimwa ni hizi:

PHP, iliyotolewa na Rasmus Lerdorf mwaka wa 1995. Ndiyo lugha ya WordPress, na yamfaa atakayehudumia maduka na hoteli ndogo. Kiunzi chake mashuhuri ni Laravel, cha mwaka wa 2011.

JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka wa 1995. Haikwepeki, kwani ndiyo inayoendeshwa na vivinjari vyote. Tangu Node.js itokee mwaka wa 2009, hutumika sana kwenye seva pia.

Python, ya Guido van Rossum, iliyotolewa mwaka wa 1991. Hupendwa na wachanganuzi wa takwimu. Kiunzi chake, Django, kilizaliwa katika gazeti la Lawrence Journal-World, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka wa 2005.

Java, ambayo ndiyo lugha ya OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliobuniwa kuanzia mwaka wa 2004 kwa mahitaji ya kliniki za Eldoret.

Basi kijana na aanze kwa kuuliza ni kazi gani inayomngoja, kisha achague lugha moja na kuikamilishia tovuti moja, tuseme ya wasusi wa mikeka kijijini. Kiunzi kifuate baadaye.